Muulize Mwalimu: Kilatini, hasira, na jimu iliyo chini ya chumba

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya kujifunza Kilatini na kuzitumia busara za wazee wa Roma kwenye maisha yetu haya ya kila siku, nikajua ni mada ya wapenda vitabu watatu wanne, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi, nyingine ndefu kuliko makala yenyewe. Nimechagua hizi, nimezipunguza, majina nimeyaficha. Yule aliyeuliza kama Kilatini kinaita majini anisamehe, leo simjibu.

Mwalimu, nasoma sheria mwaka wa pili, niko Dodoma. Kila lekcha tunapigwa Kilatini, mara locus standi, mara res judicata, mara audi alteram partem, na sisi tunakariri tu kama dua. Nataka nijifunze lugha yenyewe ila huku sijaona darasa, hela ya kozi sina, na washkaji wananicheka eti nasoma lugha ya wafu. Naanzia wapi? Na kuna faida kweli?

Waache wacheke, kucheka hakulipiwi. Ila nikwambie ukweli mapema, kama unatafuta lugha ya kukupatia ajira jifunze Kichina au Kifaransa, Kilatini hakitakuombea kazi popote.

Kwanza nikutoe hofu. Sisi wa Kiswahili tunaingia kwenye Kilatini tukiwa tumeshatangulia mahali ambapo Mwingereza bado anahangaika. Irabu ni zilezile tano na unazisoma vilevile, tofauti ni kwamba wao wana fupi na ndefu. Kwa matamshi ya kale C ni K siku zote, na V inasomwa W, kwa hiyo ule msemo wa Kaisari, veni vidi vici, mwenyewe alikuwa anautamka weni widi wiki, jaribu kuusema hivyo mbele ya washkaji zako uone kama hawajaanguka chini. Halafu vitenzi. Mrumi anasema amo, neno moja limeisha, kama wewe unavyosema napenda, kisha amas unapenda, amat anapenda, amamus tunapenda, amatis mnapenda, amant wanapenda. Sisi mtendaji tunambandika mbele ya kitenzi, wao wanambandika nyuma, basi. Na ule upatanisho ambao wageni wanalia nao kwenye Kiswahili, vitabu vizuri vimepotea, vi vi vi, Mrumi naye anao: liber bonus kitabu kizuri, libri boni vitabu vizuri. Tena wao makundi yao ni matatu tu, sisi ngeli zetu hata walimu bado wanagombana ziko ngapi.

Panapouma ni hapa, mwisho wa nomino unabadilika kufuatana na kazi yake ndani ya sentensi. Lakini hata hapo una mlango. Ukisema soko kisha ukasema sokoni, si umeshalibadilisha neno mwishoni na kazi yake imebadilika? Sasa Kilatini kinafanya hivyo kwa karibu kila nomino, na mikia ya kubandika ni mingi. Puer canem videt, mvulana anamwona mbwa. Geuza: puerum canis videt, mbwa ndo anamwona mvulana, japo mvulana bado kakaa mbele palepale. Ukifuata mpangilio wa maneno huyo mbwa atakung'ata, wewe angalia mkia. Na ukishazoea hilo rudi kwenye audi alteram partem yako. Audi ni amri kwa mtu mmoja, sikiliza. Alteram partem, upande wa pili, na hizo m mbili za mwishoni zinakuonyesha kwamba huo ndio unaosikilizwa na kwamba hayo maneno mawili yanakwenda pamoja. Umeona, imeacha kuwa dua.

Kitabu cha kuanzia, mimi nakushauri kile cha Mdenmaki Hans Ørberg, Familia Romana, ambacho chote kimeandikwa kwa Kilatini tangu ukurasa wa kwanza na bado unakielewa, maana kinaanza na Roma in Italia est, na kabla sura ya kwanza haijaisha umeshaambiwa mto Nile uko Afrika, kitu ambacho sisi wa huku kwenye Ziwa Viktoria tulikuwa tunakijua. Tafuta nakala iliyotumika au azima. Ukiwa na bando kidogo Duolingo wana kozi ya Kilatini ya bure, fupi, itakuishia haraka, itumie kujipasha moto tu. Usianze na majedwali ya sarufi. Mtu anashusha jedwali la kurasa 40, analibandika ukutani, wiki ya pili analiona kama notisi ya mwenye nyumba. Soma hadithi rahisi, dakika 20 kila siku, kwa sauti, rudia sura ile ile mpaka uione picha bila kutafsiri kichwani. Jedwali utalitafuta mwenyewe siku ukilihitaji.

Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste, ambayo leo ni Souk Ahras huko Algeria, anasimulia kwenye Maungamo yake kwamba Kigiriki alikichukia kwa sababu alifundishwa kwa vitisho na adhabu, ila Kilatini alikipata bila kuogopa, kwa walezi waliokuwa wanambembeleza na watu waliokuwa wanacheka na kucheza naye. Kwa hiyo usijichape.

Faida sasa. Ukiwa na bidii ya mwaka hivi utaweza kushika barua fupi ya Seneca, mwanafalsafa wa Roma, na kamusi pembeni ukasoma aya moja kwa saa nzima. Unasema saa nzima ni hasara? Hapo ndo faida ilipo, ni lini mara ya mwisho umekaa na aya moja saa nzima? Huku mtandaoni tunapitiwa na busara 200 kwa siku, tunazipiga laiki, na jioni hatukumbuki hata moja.

Mwalimu, nakuandikia kutoka Songea. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilipokuwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 60, nilitumikia misa na majibu yote nilikuwa nayo kichwani kwa Kilatini bila kujua maana. Mpaka leo padri wa enzi zile namsikia, Introibo ad altare Dei, nami najibu, Ad Deum qui laetificat juventutem meam. Je, hicho ni Kilatini kilekile cha akina Kaisari? Na kwa umri huu nikitaka kukijua nitaweza au nitaonekana nimechanganyikiwa?

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Ni kilekile, mzee, sarufi ileile, ila kimekaa kanisani karne nyingi kikachukua matamshi ya Kiitaliano. Wewe ulifundishwa in caelis inasomwa "in chelis", Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, angesema "in kailis". Msamiati nao umeongezeka mambo ya ibada. Lakini wewe huanzi sifuri kabisa. Hayo majibu uliyoyashika ni zaburi: padri anasema nitaingia altareni pa Mungu, na wewe mtoto unajibu, kwa Mungu anayeufurahisha ujana wangu. Sasa ndo unaweza kuisema ukajua unachosema, na ujana umeshapita, inakuwa tamu zaidi. Chukua na Pater Noster, Baba Yetu. Panem nostrum quotidianum da nobis hodie, mkate wetu wa kila siku utupe leo, hapo ndani kuna amri, kuna anayepewa, kuna kinachotolewa, na upatanisho umekaa kama kwenye kitabu cha darasani. Ninyi mlioshika misa kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujaruhusu lugha za wenyeji, na waraka ule ulipitishwa Desemba 1963, mna ghala kichwani, ni kulifungua tu.

Kuhusu umri, Cicero akiwa na miaka 62 aliandika kitabu kuhusu uzee, mwaka 44 KK, na humo anamleta Cato, mwanasiasa wa Roma wa zamani zaidi, wa miaka 84, aseme kwamba Kigiriki yeye alijifunza akiwa ameshazeeka, tena kwa pupa kama mtu mwenye kiu ya siku nyingi. Kama kuna atakayekuona umechanganyikiwa mwonyeshe hiyo.

Na wewe wa Dodoma, umesikia? Pale parokiani kwenu hakosekani mzee wa namna hii. Peleka soda, kaa naye, mwambie aseme Credo, ile Kanuni ya Imani, polepole, umepata mwalimu wa matamshi bila bando.

Oya mwalimu, mi nataka kuchora tatuu shingoni, memento mori. Iko sahihi? Na kuna sentensi nimetafsiri kwa mashine ya kuweka kwenye bango la duka langu Kariakoo, nimekuambatanishia.

Iko sahihi, maana yake kumbuka utakufa. Shingo ni yako. Ila ujue ile habari mnayopenda kuiposti, ya jemadari wa Roma kwenye gari la ushindi na mtu nyuma yake akimnong'oneza asijisahau, Tertullian wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini huyo, karibu mwaka 197 ameyaandika maneno yenyewe hivi: Respice post te, hominem te memento. Tazama nyuma yako, kumbuka wewe ni mtu tu. Kwa anayefanya biashara Kariakoo na ameanza kununua magari, mimi naona hiyo ingemfaa kuliko mafuvu.

Sentensi ya bango mashine imekuharibia, kitenzi hakijulikani ni cha nani. Andika Kiswahili, wateja wako wanasoma Kiswahili.

Mwalimu habari. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Tanga, na nina hasira za karibu. Juzi binti anayenisaidia kazi alivunja glasi mbili za seti niliyoletewa na dada yangu kutoka Dubai, nikamfokea mpaka majirani wakatoka nje, nikamtolea maneno ambayo hayasemeki. Glasi zenyewe hata sizitumii, zinakaa kabatini. Ulisema wazee wa kale wameandika mengi ya hasira. Walisemaje?

Nzuri, dada yangu. Na umeuliza penyewe, maana Seneca ana kitabu kizima cha hasira, sehemu tatu, alichomwandikia kaka yake Novatus, ambaye baadaye aliitwa Gallio, na kama wewe ni msomaji wa Biblia utamkuta kwenye Matendo sura ya 18, yule liwali wa Akaya ambaye Paulo alipelekwa mbele yake akakataa hata kuisikiliza kesi. Nikisoma hapo huwa najiuliza kama kile kitabu cha mdogo wake kilimwingia.

Sasa kisa cha glasi. Kulikuwa na tajiri mmoja Roma, Vedius Pollio, alimwalika Kaisari Augustus kwa chakula. Mtumwa mmoja, kijana, akavunja kikombe cha kioo. Pollio akaamuru kijana atupwe kwenye bwawa la samaki wakubwa aina ya mkunga aliokuwa anawafuga, aliwe nao akiwa hai. Kijana akachoropoka akaenda kuanguka miguuni kwa Kaisari, na hakuomba asife, aliomba tu afe kifo kingine, asiliwe na samaki. Augustus akamwachilia, kisha akaagiza vikombe vyote vya kioo vya nyumba ile viletwe, vivunjwe mbele ya mwenyewe, na lile bwawa lifukiwe.

Mimi nikikisoma kisa hiki Kaisari hanishughulishi sana, najiuliza yule Pollio alikuwa anaona nini wakati anatamka ile amri mbele ya wageni, sahani ziko mezani, divai imemiminwa. Kikombe tu. Kilikuwa kimekuwa kikubwa kuliko mtu. Na sisemi wewe ni Pollio, dada, ila seti inayokaa kabatini bila kutumika nayo imeanza kupanda cheo humo ndani. Toeni hizo glasi watoto wanywee juisi, zikiisha zimeisha.

Dawa aliyoitaja Seneca ni fupi, maximum remedium irae mora est, dawa kubwa ya hasira ni kukawia. Hakusema uimeze wala ujifanye haipo, amesema uicheleweshe. Anamtolea mfano Plato, alikuwa ameinua mkono ampige mtumwa wake, akashtuka kwamba amekasirika, basi akaubakiza mkono pale pale juu, amesimama tu. Rafiki akaingia akamuuliza, unafanya nini? Akajibu, namwadhibu mtu mwenye hasira. Ukiwa Tanga na mkono hewani majirani watasema mengine, kwa hiyo fanya lako, toka uani, anua nguo kwenye kamba, zikunje zote ndo urudi kusema unachotaka kusema.

Halafu kuna zoezi la usiku ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Seneca alilichukua kwa mwanafalsafa anaitwa Sextius, ambaye kila akienda kulala alijiuliza leo umeponya ubaya gani wako, umekataa kosa gani, umekuwa bora wapi. Seneca anasema taa ikishaondolewa na mke wangu akishanyamaza, maana anaijua tabia yangu, naipitia siku yangu yote, sijifichi chochote. Na mifano anayotoa ni ya kawaida kabisa: kwenye yale mabishano umeongea kwa kugombana, usibishane tena na wasiotaka kujifunza. Yule umemwonya kwa ukali kupita kiasi, kwa hiyo hukumrekebisha, umemuudhi. Kisha anajiambia, angalia usifanye tena, kwa leo nakusamehe. Hiyo sehemu ya mwisho watu wanairuka. Wengi wetu tukipitia siku yetu usiku tunajichapa mpaka saa nane, yeye anajionya na anajisamehe, analala.

Na binti mwombe radhi, kama bado hujafanya. Hilo halihitaji Kilatini.

Assalaam aleikum Mwalimu. Mimi Mzanzibari, makazi yangu Maskati. Nasoma safu yako lakini hii ya Warumi imenikera. Watu waliofuga watumwa, waliokuwa wanaabudu masanamu, sisi tukachote kwao busara ya nini? Tuna dini yetu, tuna mashairi, tuna methali. Au mpaka kitu kiwe na harufu ya Ulaya ndo kiwe hekima?

Waalaikum salaam kaka. Karibu sana, na swali lako ni zito kuliko mengi niliyopokea, kwa hiyo sitalipaka mafuta.

La watumwa ni kweli na wala sio dogo. Seneca kwenye barua ya 47 anasema, Ni watumwa. Hapana, ni watu. Anataka bwana ale nao meza moja, aongee nao, akumbuke kwamba bahati ingeweza kumgeuza yeye akawa wao. Maneno mazito kwa zama zile. Lakini tafuta humo mstari unaosema waachieni huru, huupati. Na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Roma, mwalimu wa mtawala Nero na baadaye mshauri wake, na mwanahistoria Tacitus ameandika kwamba adui yake mmoja alimuuliza hadharani ni falsafa gani hiyo iliyomletea sesterti, fedha ya Roma, milioni 300 ndani ya miaka minne. Swali zuri! Mimi Seneca namsoma kama mgonjwa anavyomsikiliza daktari anayevuta sigara, ushauri wake kuhusu mapafu ni sahihi, ila sijifanyi sioni moshi.

Lakini usiwaweke wote kwenye kapu lake. Epictetus alizaliwa mtumwa, alikuwa kilema wa mguu, akaachiwa huru akawa mwalimu wa falsafa, hakuandika kitabu, mwanafunzi wake Arrian ndo aliyanakili mafundisho, kwa Kigiriki. Mtawala Marcus Aurelius, ambaye nukuu zake zimejaa kwenye stetasi zenu, naye daftari lake aliliandika kwa Kigiriki, kwa hiyo mkimbandika kwenye Kilatini mnamwonea. Marcus, bwana wa dola nzima, alikuwa anamnukuu Epictetus aliyekuwa mtumwa. Na Terentius, mwandishi wa michezo ya kuigiza, aliletwa Roma mtumwa, anatajwa kuwa alitoka Karthago, jina lake la mwisho ni Afer, akasomeshwa na bwana wake akaachiliwa, akaacha michezo sita. Ile homo sum, humani nil a me alienum puto, mimi ni mtu, hakuna jambo la binadamu ninaloliona si langu, ni ya kwake, kwenye mchezo wa mwaka 163 KK. Anaisema mzee anayeulizwa na jirani kwa nini anaingilia yasiyomhusu. Ndiyo, kaka, mstari unaoheshimika dunia nzima ulianza kama utetezi wa mmbea. Lakini wa Ulaya ni yupi hapo? Karthago iko Tunisia, Augustino wa Algeria, mwandishi Apuleius naye wa Algeria.

Na kuhusu dini yetu na yao, hawa wazee walipita Baghdadi kabla ya kufika kwenye simu yako. Al-Kindi, mwanafalsafa wa karne ya 9, aliandika risala ya kuondoa huzuni, na ndani yake kuna mfano ambao mtu wa pwani ataushika mara moja. Chombo kimetia nanga kisiwani, abiria wameshuka kwa haja zao. Wapo waliomaliza haja wakarudi mapema, wakapata nafasi pana ya kukaa. Wapo waliobaki kutazama maua na kusikiliza ndege, wakachelewa kidogo, wakabanana. Wapo waliookota makombe na mawe na maua na matunda, wakarudi wamebeba mizigo, nafasi hakuna, wanakaa wameikumbatia, maua yananyauka, matunda yananuka, mwisho wanatupa baharini. Na wapo walioingia msituni mbali, nahodha akaita, hawakusikia. Mfano wa chombo na nahodha anayeita unao kwa Epictetus pia, mfupi zaidi. Sasa nani kamchota nani, Mwarabu, Mgiriki? Mimi nauona ni wa kila aliyewahi kupanda jahazi na mizigo kupita kiasi.

Mashairi na methali zetu sijakwambia uziache. Mimi ningependa uandike wewe, niletee ubeti mmoja wa wazee wa Unguja juu ya mali na safari tuuweke kando ya huo wa Al-Kindi toleo lijalo.

Mwalimu, kampuni ninayofanyia kazi hapa Dar imesema itapunguza watu, majina bado. Tangu tangazo litoke silali. Nina mkopo, nina kodi ya nyumba, nina ada. Nimeona watu wanasema Wastoa walikuwa hawaogopi kitu. Nifanyeje niwe hivyo?

Pole sana. Hao wanaosema Wastoa, yaani wanafalsafa wa mkondo wa akina Seneca na Epictetus, hawaogopi kitu hawajawasoma. Seneca anasema wazi kwamba hata mtu mwenye hekima anashtuka, anabadilika rangi, mwili una mambo yake. Barua ya 13 anamwambia rafiki yake Lucilius kwamba yanayotutisha ni mengi kuliko yanayotukandamiza, na mara nyingi tunateswa na mawazo kuliko na jambo lenyewe. Huenda likaja, huenda lisije, kwa nini ulilie leo ukalilie tena kesho? Nzuri, ila kwa mtu mwenye ada ya shule mstari huo peke yake ni maneno matamu.

Kinachofanya kazi ni barua ya 18. Aliiandika Desemba, Roma nzima iko kwenye sherehe na ulevi, yeye anamwambia Lucilius atenge siku chache, tatu au nne, ale chakula kidogo na cha bei ya chini kabisa, mkate mgumu, avae nguo ya kukwaruza, alale kwenye kitanda kibovu, kisha ajiulize: hiki ndicho nilichokuwa naogopa? Sasa tafsiri hiyo kwa Dar. Siku tatu, wewe na mwenzio, ugali maharage, daladala badala ya bodaboda, hakuna vocha ya kuperuzi, kila shilingi inaandikwa. Siku ya nne mnakuwa na namba mkononi, mwezi wetu mmoja bila mshahara ni kiasi gani, akiba ni ya wiki ngapi, cha kuuza ni kipi. Hofu isiyo na namba ndo inayokunyima usingizi. Na benki nenda kawaone kabla majina hayajatoka, ukiwa bado na slipu ya mshahara mfukoni.

Nitie neno moja hapa, maana nimeona vijana wa mtandaoni wanalihubiri zoezi hili kwa kila mtu. Seneca alikuwa anamwandikia mtu mwenye nyumba na watumishi. Kama familia tayari inakula mlo mmoja, hakuna zoezi la umaskini la kumpa, huyo anaufanya mtihani wenyewe. Na usingizi ukiendelea kukukimbia wiki baada ya wiki, nenda kituo cha afya, wazee wa Roma nao walikuwa na matabibu.

Mwalimu sasa. Mimi ni wa Roysambu, Nairobi. Nafanya masters na nakaa juu ya jimu. Saa kumi na moja asubuhi wameanza, vyuma vinaangushwa, spika iko juu, na kando kuna jamaa wa smokie na mayai anaita wateja. Nimejaribu kusoma hao watu wa kale wako, eti mtu aliyetulia ndani hasumbuliwi na nje. Haiwork. Nifanye?

Wewe umenifurahisha, kwa sababu bila kujua umeelezea nyumba ya Seneca. Barua ya 56. Alikuwa amepanga juu ya bafu la watu wote, na bafu za Kirumi zilikuwa na jimu ndani, basi anaorodhesha kelele moja moja. Wenye misuli wanabembea vyuma vizito vya madini ya risasi, wanaguna, wakishikilia pumzi kisha wakiiachia inatoka kama filimbi. Kuna mvivu kaja kukandwa tu, unasikia kiganja kinampiga mabegani, na Seneca alikuwa anajua kwa sauti kama kiganja kimekunjwa au kimenyooshwa. Kaja mcheza mpira anahesabu mipira. Kuna mgomvi, kuna mwizi amekamatwa, kuna yule anayeipenda sauti yake akiwa anaoga, kuna wanaorukia dimbwini pwaa. Kuna mnyoa vinyweleo, ana kasauti kembamba ka kuita wateja, hanyamazi mpaka apate kwapa la kunyofoa, na hapo anapiga kelele mteja badala yake. Halafu wauza soseji, wauza keki, kila mmoja na sauti yake ya kutangazia bidhaa. Soseji, unaona? Smokie wako ana babu yake Roma.

Anaendelea kueleza vizuri sana, kwamba sauti ya mtu anayeongea inasumbua kuliko mlio, kwa sababu maneno yanaivuta akili na mlio unajaza masikio tu. Hilo nalo lijaribu, weka masikioni mvua au feni, usiweke nyimbo zenye maneno unayoyajua. Anasema pia kwamba kelele kubwa ni za ndani, tamaa zikigombana na hofu, na kwamba hata usiku wa manane kimya kabisa mwenye roho iliyochafuka hasikii kimya. Kurasa kadhaa za namna hiyo, mpaka unaanza kuona aibu kwa kulalamikia jimu.

Halafu aya ya mwisho anajiuliza, sasa si ni rahisi zaidi kukaa mbali na kelele? Anajibu, kweli, na ndiyo maana nahama hapa, nilitaka tu kujijaribu. Ulisi mwenyewe, yule shujaa wa hadithi za Wagiriki, aliwaziba mabaharia wake masikio wasisikie nyimbo za kuwapoteza, kwa nini mimi nijitese zaidi ya inavyohitajika?

Kwa hiyo angalia notisi yako ni ya mwezi mmoja au miwili, na anza kuuliza vyumba vya upande wa nyuma kule Kahawa Sukari.